Sukari Moja kwa Ulimi, Sukari Mbalimbali kwa Mwili

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama na majirani katika maadhimisho ya hekalu letu, Dar es Salaam



Kamati ilipotutaka tuseme neno siku ya leo, tuliomba tusizungumzie historia ya jengo hili, kwa kuwa wapo wazee wanaoijua kuliko sisi, na kitabu cha kumbukumbu kitaieleza vema zaidi. Tuliomba kuzungumzia kitu ambacho takriban kila mmoja wetu amekitia kinywani leo kabla ya kufika hapa, na ambacho atapewa tena mkononi kabla hajatoka. Kitu hicho ni sukari.

Sisi si madaktari. Masomo yetu yalikomea sekondari, na tangu hapo shule yetu imekuwa ni duka. Lakini tumeiuza sukari tangu zama ambazo gunia la kilo 100 lilifunguliwa asubuhi na kupimwa robo na nusu katika karatasi hadi jioni. Mtu aliyekiuza kitu kwa miaka arobaini ana haki, na pengine ana wajibu, wa kuuliza kinakwenda wapi baada ya kutoka mlangoni pake. Tumewauliza madaktari wa jumuiya yetu na tumesoma kwa kadiri ya uwezo wetu. Haya tunayoyaleta mbele yenu ni yale ambayo elimu ya tiba imekwisha kuyakubali.

Wala hatukuja kuisema sukari vibaya. Imelisha nyumba nyingi zilizokaa katika ukumbi huu. Nanji Kalidas Mehta, mtu wa upande wa Porbandar, alijenga kiwanda cha sukari Lugazi, Uganda, mwaka 1924. Muljibhai Madhvani naye akaanzisha chake Kakira mwaka 1930. Hata neno lenyewe limesafiri kama walivyosafiri babu zetu. Katika Kisanskriti lilikuwa sharkara, maana yake changarawe. Waajemi wakalichukua, kisha Waarabu, na pwani yetu ikalipokea likiwa sukari. Matabibu wa kale wa India, Sushruta na Charaka, waliueleza ugonjwa walioupa jina madhumeha, yaani mkojo wa asali, na ikajulikana kwamba sisimizi huukimbilia mkojo wa mgonjwa huyo. Kiswahili nacho kikauita kisukari. Lugha mbili zilizo mbalimbali ziliona jambo moja: kitu kilichopasa kubaki mwilini kikiutumikia mwili, kinamwagwa nje.

Sababu iliyotufanya tuchague jambo hili ni hesabu, na tunaomba mtuvumilie tuzitaje. Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake walichapisha vipimo vya wakazi wa vijiji sita vya Tanzania. Waliokutwa na kisukari hawakufika hata mmoja katika kila mia. Mwaka 1991 jarida la British Medical Journal likachapisha utafiti mwingine uliofanywa hapa hapa Dar es Salaam katika jamii saba za Wahindu, ambao Dakta Kaushik Ramaiya alikuwa miongoni mwa waliouongoza. Watu waliopimwa walizidi elfu moja, na karibu mmoja katika kila kumi alikuwa na kisukari. Basi wakati ule ingewezekana kusema kwamba huu ni ugonjwa wa Wahindi. Lakini mwaka 2012 uchunguzi wa kitaifa ulipofanywa kwa Watanzania wa umri wa miaka 25 hadi 64, asilimia 9 walikuwa nao. Majirani zetu wametufikia. Asili ya watu haigeuki katika miaka ishirini na kitu. Kilichogeuka ni sahani, kikombe, na kazi ya miguu. Kwa hiyo maneno haya ni ya wote walioketi humu.

Tuanze na yanayotokea tumboni. Dukani sukari ina majina mengi: sukari nyeupe, sukari ya kahawia, sukari guru ambayo sisi Wagujarati huiita gol, asali, shira, juisi, tende. Ndani ya utumbo mwembamba majina hayo yote hufutika. Ukuta wa utumbo unapitisha sukari ndogo tatu tu: glukosi, fruktosi na galaktosi. Kila kilicho kikubwa kuliko hizo sharti kikatwe kwanza, na kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya.

Wanga ni mnyororo mrefu wa glukosi tupu. Ugali, wali, chapati, viazi, muhogo, vyote hivyo mwishowe ni glukosi. Mtafuneni mkate kwa muda mrefu bila kuumeza, nanyi mtauonja utamu unaojitokeza; ni mate yaliyoanza kuukata mnyororo. Tunalisema hili kwa sababu wapo watu wanaoacha sukari kabisa katika chai kisha wakala sahani mbili za wali na kujihesabu salama. Ulimi haukuonja utamu, lakini damu itaupokea.

Sukari ya mezani, iwe imetoka Kilombero, Mtibwa au ng'ambo, ni glukosi moja iliyoshikana na fruktosi moja. Ikifika kwenye utumbo huachanishwa, nusu kwa nusu. Sukari ya maziwa ni glukosi iliyoshikana na galaktosi, na galaktosi ikifika katika ini hugeuzwa kuwa glukosi. Watu wengi wa Asia na Afrika hupoteza uwezo wa kuikata sukari ya maziwa wakishakuwa watu wazima, ndiyo maana maziwa mabichi huwajaza tumbo gesi ilhali mtindi na chasi huwapendeza, kwa kuwa vijidudu vya mgando vimekwisha kuila sehemu ya sukari hiyo. Miongoni mwa wafugaji wa Tanzania na Kenya wapo wengi ambao uwezo huo haukuwapotea. Mwaka 2007 wanasayansi walieleza kwamba waliupata kwa njia yao wenyewe, tofauti na ile ya watu wa Ulaya.

Sasa tuifuate glukosi. Ikishapenya ukuta wa utumbo huingia katika damu na kusambaa mwili mzima. Hapa pana jambo lililotustaajabisha sisi tuliozoea mizani. Katika damu yote ya mtu mzima mwenye afya, karibu lita tano, glukosi iliyomo kwa wakati mmoja kabla ya kula ni gramu 4 au 5 tu. Hicho ni kijiko kimoja cha chai. Kwa kijiko hicho ubongo unafikiri na moyo unapiga, nao mwili unakilinda usiku na mchana kisizidi sana wala kisipungue.

Chupa ya soda ya mililita 350 huwa na sukari ya karibu gramu 35, kwa kuwa soda nyingi zina takriban gramu 10 katika kila mililita 100. Mtu akiinywa kwa dakika tano, mwili wenye kijiko kimoja cha glukosi katika damu unaletewa vijiko vinane au tisa vya sukari kwa mkupuo. Hapo kongosho hutoa insulini, nayo insulini huyaamrisha misuli na mafuta ya mwili yaipokee glukosi, na ini liache kutengeneza nyingine. Ini huweka akiba ya takriban gramu 100, na misuli ya mtu mzima huweza kuweka gramu 400 hivi. Ubongo peke yake hutumia karibu gramu 120 kwa siku. Maghala hayo yakijaa, na mwenye mwili amekaa kitini tangu asubuhi hadi jioni kama tukaavyo sisi wenye maduka, ziada hugeuzwa mafuta.

Kwa mgonjwa wa kisukari cha ukubwani mambo huharibika taratibu. Misuli na ini huanza kuwa vizito kuitii insulini. Kongosho huongeza juhudi, hutoa zaidi na zaidi, na kwa miaka mingi huenda mtu asijue lolote. Kisha kongosho huchoka. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula, ambacho kwa mtu mzima mwenye afya hakizidi 5.6, hupanda hadi 7 na zaidi, na hapo daktari hutamka jina la ugonjwa. Ugonjwa unakuwa umeanza zamani. Siku hiyo umepewa jina tu.

Kabla ya kuendelea, ni haki tuitaje hisani ya glukosi. Mwaka 1960 Robert Crane alieleza kwamba glukosi na chumvi huingia pamoja katika ukuta wa utumbo, kama watu wawili wanaopita mlango mmoja wameshikana mikono, na maji huwafuata. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walijazana katika kambi za Bongaon nchini India na kipindupindu kikawavamia. Dripu zilikwisha. Dakta Dilip Mahalanabis akaamuru wagonjwa wanyweshwe maji yenye glukosi na chumvi, na vifo vilivyokuwa karibu asilimia 30 vikashuka hadi chini ya asilimia 4. Ni maarifa hayo hayo yaliyomo katika pakiti ya ORS. Asiyekuwa nayo na achukue lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa bapa. Kwa hiyo sukari ni dawa mahali pake. Maneno yetu yote ya leo ni juu ya kiasi na mahali.

Sasa tuje kwa nusu ya pili ya sukari, yaani fruktosi, ambayo wengi wetu hatujawahi kuisikia ikitajwa. Fruktosi ndiyo sukari kuu ya matunda mengi na ya asali, nayo ina utamu kuliko glukosi. Ina mlango wake wenyewe katika utumbo, na mlango huo ni mwembamba. Ndiyo maana mtu akinywa juisi nyingi kwa pamoja huweza kunguruma tumbo na kuharisha. Ikishapita, kiasi kidogo hushughulikiwa na utumbo wenyewe, na kilichobaki hakitembezwi mwilini kama glukosi. Sehemu kubwa hukamatwa na ini.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Glukosi inapoingia katika seli za ini kuna breki: ini likiwa limeshiba nguvu, kazi ya kuivunja hupungua. Fruktosi huipita breki hiyo. Ini huichukua yote iletwayo, liwe linahitaji au halihitaji. Ikiwa ni kidogo, kama ile ya embe moja au machungwa mawili, hugeuzwa kuwa glukosi na kutumika, wala hakuna dhara. Ikiwa nyingi, na inakuja kila siku, ini hulazimika kuigeuza mafuta. Mafuta hayo mengine hutolewa katika damu na mengine hubaki katika ini lenyewe, na ini lenye mafuta ni zito kuitii insulini. Tena, katika haraka ya kuishughulikia fruktosi, mwili huzalisha asidi ya yuriki, ambayo ikizidi huganda katika maungio na kuleta jongo. Wale wanaoamka usiku wakilia kwa kidole gumba cha mguu na kuzilaumu dengu peke yake, na wakitazame pia kikombe chao.

Jambo la hatari zaidi ni kwamba fruktosi hujificha. Haiamshi insulini kama glukosi, na ile mashine ndogo ya kutoboa kidole haiioni kabisa, kwa kuwa imetengenezwa kupima glukosi tu. Kulikuwa na wakati ambapo fruktosi iliuzwa kuwa sukari inayowafaa wagonjwa wa kisukari kwa sababu hiyo hiyo ya kutopandisha kipimo. Leo madaktari hawalisemi tena hilo. Mtu mwenye biashara atatuelewa: deni lisiloandikwa kitabuni bado ni deni.

Tukishalielewa hilo, na tuyapime maneno yanayosemwa kila siku kaunta ya duka. Mteja hufika na kusema, daktari amemkataza sukari, basi apimiwe gol kilo mbili, kwa kuwa hiyo ni ya asili. Tunawaheshimu sana wateja wetu, lakini ukweli ni huu: sukari guru ni maji ya miwa yaliyochemshwa hadi yakaganda, na sehemu yake kubwa, kiasi cha asilimia 65 hadi 85, ni ile ile sukari ya mezani, na juu yake kuna glukosi na fruktosi zilizokwisha kuachana. Ina madini kidogo na ina harufu njema ambayo sukari nyeupe haina. Lakini ili mtu apate madini ya maana kutoka humo ingembidi ale gol nyingi mno. Katika dali yetu kipande kidogo kinaleta ladha ya mama zetu, na kibaki hivyo hivyo, kipande kidogo. Dawa ya kisukari siyo.

Asali nayo, pamoja na heshima yake yote katika ibada zetu na katika dini za majirani zetu, ina takriban asilimia 38 ya fruktosi, asilimia 31 ya glukosi na asilimia 17 ya maji. Sukari ya kahawia ni sukari nyeupe iliyobakizwa au kurudishiwa molasi kidogo. Mwili hauulizi kiwanda wala mzinga. Unauliza mambo matatu: glukosi kiasi gani, fruktosi kiasi gani, na vimeingia kwa kasi gani.

Hiyo kasi ndiyo inayotenganisha tunda na juisi. Tazameni muwa. Mtu akiumenya na kuutafuna, taya huchoka kabla kongosho halijachoka. Atakula pingili mbili tatu na kutema kapi. Muwa huo huo ukipitishwa katika mashine ya barabarani, ukatiwa ndimu na tangawizi na barafu, glasi moja huweza kuwa na gramu 30 za sukari au zaidi, nayo inamalizika kabla chenji haijarudishwa. Ndivyo ilivyo kwa chungwa na kwa embe. Nyuzinyuzi za tunda huichelewesha sukari na kulijaza tumbo. Juisi imeziacha katika chujio. Kwa hiyo hatuwakatazi wazee matunda. Tunawaomba wayale badala ya kuyanywa.

Huenda kijana atauliza: mbona wapo watu wembamba miongoni mwetu wenye kisukari? Swali hili limewashughulisha wataalamu. Dakta Chittaranjan Yajnik wa Pune amewahi kujilinganisha na mwenzake Mwingereza. Uwiano wa uzito na urefu wao ulikuwa sawa, lakini Mhindi alikuwa na mafuta mara mbili na zaidi ya yule mwenzake. Wengi wetu tuna misuli michache, na mafuta hukaa tumboni na katika ini badala ya chini ya ngozi. Misuli ndiyo ghala kubwa la glukosi. Mwenye ghala dogo hufurikwa upesi. Ndiyo maana mwaka 2004 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walisema kwamba kwa watu wa Asia tahadhari ianze kwenye uwiano wa 23, wakati kwa watu wengine huanza kwenye 25. Wembamba wa mkono haumpi mtu cheti ikiwa mkanda wake unasogea tundu kila mwaka.

Lakini humo humo kwenye misuli mna habari njema. Msuli unaofanya kazi huichukua glukosi hata bila kungojea insulini. Mwendo wa robo saa baada ya chakula cha jioni ni dawa isiyo na risiti. Mama zetu waliotwanga na kusaga, na majirani zetu waliolima kwa jembe, walikuwa wakila wanga mwingi kuliko sisi, na miili yao iliupatia kazi.

Na tufanye hesabu ya chai, kwa kuwa hapo ndipo sukari yetu nyingi inapopita. Kijiko bapa kimoja ni gramu 4. Mwenye kunywa vikombe vinne kwa siku, kila kikombe vijiko vitatu, amekunywa gramu 48 kabla hajagusa ladu wala kaimati. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ya asali na juisi, isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu ya chakula, na ikiwezekana ishuke hadi nusu ya hapo, yaani karibu gramu 25 kwa mtu mzima. Huyo mwenye vikombe vinne akipunguza kijiko kimoja tu katika kila kikombe, kwa mwaka atakuwa ameacha karibu kilo sita. Sisi tutauza pungufu kilo sita, na tunasema mbele ya mashahidi wote hawa kwamba hatutalalamika.

Sasa, Mheshimiwa Mwenyekiti, turuhusu tuyaingize maneno haya ndani ya ukumbi huu, maana ndimo tulimokusudia kuyafikisha. Siku za sikukuu mtu mmoja hupokea prasadi, kisha huketi kwenye chakula chenye jalebi, ladu na shrikhandi, kisha huagwa kwa boksi la barfi, na njiani hupita nyumba tatu za ndugu ambako kukataa ni kuvunja heshima. Wazee wetu wenye kisukari, akina bibi zetu tunaowaita Ba, hujikuta katika njia panda: wakila wanaumia, wasipokula wanaonekana wameidharau baraka. Hakuna mtoto atakayesema Ba amekosa. Lakini sisi tunaopanga shughuli tunaweza kumwondolea njia panda hiyo.

Tunaleta mapendekezo manne, na uamuzi ni wa Kamati. La kwanza, prasadi ibaki kama ilivyo, lakini kipimo chake kiwe kidogo. Baraka haipimwi kwa kilo. Punje moja iliyopokelewa kwa mikono miwili inatosha. La pili, katika chakula cha pamoja pawe na kitamu kimoja mahali pa vitatu, chai iletwe bila sukari na bakuli la sukari liwekwe kando, na maji na matunda yaliyokatwa yachukue nafasi ya soda. Dali, maharage na mboga zitangulie, wali ufuate. Mpangilio huo peke yake hupunguza kasi ya glukosi.

La tatu linahusu mfungo. Siku ya Ekadashi wengi wetu huacha nafaka, tukala sabudana na viazi. Sabudana ni punje za wanga, na hii inayouzwa madukani kwa kawaida ni ya muhogo, nao wanga, kama tulivyokwisha kusema, ni glukosi tupu. Majirani zetu Waislamu wana jambo linalofanana wakati wa futari, pale tende, uji wa sukari na kaimati vinapokutana baada ya siku nzima ya kufunga. Hatusemi watu wasifunge. Tunasema mwenye kutumia vidonge au sindano asifunge kabla ya kumwona daktari, maana dawa bila chakula huweza kushusha sukari chini mno. Mtu akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, hapo sukari ndiyo tiba: vijiko vinne katika maji, anywe upesi, na ibada imsubiri. Akiwa amezimia, asinyweshwe kitu. Apelekwe hospitali mara moja.

La nne ndilo tulitakalo kuliko yote. Uwanja huu wa hekalu utumike siku moja kila baada ya miezi mitatu kwa kupima sukari na shinikizo la damu, bure, kwa kila atakayeingia getini, awe mwanachama au jirani, mwenye duka au mchukuzi wa gari la mkono. Wengi wenye kisukari hawajijui, na asiyejijua ndiye anayekuja kujulishwa na macho yake, figo zake au kidonda cha mguu. Wafanyabiashara tuliomo humu tumefaidika na jino tamu la mji huu kwa vizazi vitatu. Gharama ya vijiti vya kupimia haitatushinda, na sisi wenyewe tuko tayari kuanza.

Hekalu hili lilijengwa na watu waliowatakia mema wajukuu ambao hawakupata kuwaona. Nasi na tuwatakie wajukuu zetu mema hayo hayo: waje hapa katika maadhimisho mengine wakiwa na macho ya kuyasoma maandishi ya ukutani na miguu ya kuzipanda ngazi, wakute prasadi ingali tamu na majirani wangali getini.

Mwenyezi Mungu aibariki kazi ya Kamati, awape wagonjwa wetu nafuu, na atujalie sote afya na umoja.